James Kirkman: Mzungu aliyeifukua Gedi lakini akawanyima wenyewe sifa ya kuijenga

MJENZI wa Ruiru au Thika akiulizwa mawe ya nyumba yake yametoka wapi, hahitaji kufikiri. Atataja Ndarugo, kwenye matimbo yaliyo karibu na Juja, ambako jiwe la kijivu hukatwa kwa mashine na kusafirishwa kwa malori hadi Nairobi na kwingineko. Akiulizwa ni nani aliyeijenga nyumba hiyo, atamtaja fundi wake kwa jina. Hakuna jirani atakayedai kwamba, kwa kuwa saruji na bati zilibuniwa ng'ambo, basi nyumba hiyo ni ya mgeni na wala si ya mwenyeji.

Hata hivyo, kwa miaka mingi dai la namna hiyo ndilo lililotolewa kuhusu miji ya kale ya mawe iliyotapakaa Pwani ya Kenya. Ilisemekana kuwa wageni ndio walioijenga, na kwamba Mwafrika alikuwa mpita njia tu kandokando ya kuta zake. Miongoni mwa waliolitia nguvu dai hilo kwa kalamu alikuwa James Spedding Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1906 na kufariki mwaka wa 1989. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi uliokuja kutumiwa kulipinga dai hilo ilifukuliwa, ikapimwa na kuhifadhiwa na mikono yake mwenyewe.

Maelfu ya wanafunzi ambao shule zao huwapeleka Pwani kila mwaka, wakiwemo wa Thika na Ruiru, hutembea ndani ya kazi ya mtu huyu bila kulijua jina lake. Wanapoingia katika magofu ya Gedi karibu na Watamu, au wanapopita chini ya lango la Fort Jesus mjini Mombasa, wanaona mambo ambayo mengi yao yalikuwa yamefunikwa na mchanga, mizizi na sahau kabla ya kuja kwake.

Mji uliomezwa na msitu

Safari ya Kirkman nchini Kenya ilianza wakati ambapo wasomi walikuwa wameanza kuitazama Afrika kwa jicho jipya. Mnamo Januari 1947, Dkt Louis Leakey aliwaalika Nairobi wataalamu kutoka nchi nyingi kwa kongamano la kwanza la bara zima kuhusu historia ya kabla ya maandishi. Kongamano hilo lilihusu zaidi mifupa na zana za mawe za binadamu wa kale. Miji ya Pwani, iliyostawi wakati Ulaya ilipokuwa katika enzi za kati, ilikuwa bado haijapata mtu wa kuishughulikia ipasavyo.

Magofu ya Gedi yalikuwa yakijulikana. Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, aliyazuru mwaka wa 1884, na serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa turathi ya kihistoria mwaka wa 1927. Lakini kuyatangaza ni jambo moja na kuyaelewa ni jingine. Miti ilikuwa imeota juu ya kuta, na mizizi ilikuwa imeshika madirisha na mihimili ya milango. Wenyeji wa vijiji vya karibu waliyaogopa mahali hapo wakiamini kwamba yana wenyewe wasioonekana kwa macho.

Mwaka wa 1948, Gedi ilifanywa hifadhi ya taifa na Kirkman akakabidhiwa usimamizi wake. Alikuwa na umri wa miaka 42. Kwa muda wa miaka kumi hivi, hadi 1958, aliufyeka msitu huo na kuchimba akishirikiana na vibarua. Baadaye alikuja kukiri kwamba alipoanza kazi hiyo alihisi kana kwamba kuna kitu au mtu aliyekuwa akimchungulia kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki, akingojea tu jambo ambalo alilijua kuwa lazima litokee.

Kilichojitokeza polepole chini ya majembe na miko kilikuwa mji kamili. Palikuwa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani, Msikiti Mkuu na misikiti mingine midogo, kasri, makaburi yenye nguzo, visima virefu, na nyumba zenye nyua, vyoo na mahali pa kuogea. Yote hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochomwa papo hapo Pwani, na dari zake zikabebwa na boriti.

Kirkman alizipa nyumba hizo majina kulingana na vitu alivyovikuta ndani yake. Ndiyo maana hadi leo mgeni wa Gedi huonyeshwa Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu ya Kichina na Nyumba ya Ushanga wa Venice. Katika majina hayo pekee mna historia ya biashara iliyoanzia China, ikapitia Bara Hindi na Uarabuni, na kufika hadi kwenye karakana za vioo za Italia.

Kusoma tarehe katika vigae

Kazi ya Kirkman ilikuwa na ugumu mmoja mkubwa. Gedi haikuacha kitabu chochote cha historia. Wareno, waliokaa Malindi kwa miaka mingi umbali wa kilomita 16 hivi tu, hawakuuandika mji huo kwa jina hilo. Jina lenyewe la Gedi, au Gede, linasemekana kuwa la Kioromo na huenda halikuwa jina la mji huo ulipokuwa hai.

Bila maandishi, mchimbaji huyo alitegemea vigae. Kaure ya China ilikuwa tayari imefanyiwa uchunguzi na wataalamu wa sanaa ya Mashariki, nao walijua ni mtindo upi uliotengenezwa chini ya ukoo upi wa wafalme. Kwa hiyo, kigae cha kaure kikipatikana kimezikwa chini ya sakafu ambayo haijawahi kuvunjwa, basi sakafu hiyo haiwezi kuwa imetangulia kutengenezwa kwa kaure hiyo. Kwa kupanga vigae hivyo tabaka baada ya tabaka, pamoja na vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi kutoka nchi za Kiislamu, Kirkman aliweza kueleza ni lini ukuta fulani ulisimamishwa na ni lini nyumba fulani ilihamwa.

Mahali pamoja tu ndipo palipompa tarehe iliyoandikwa. Hilo ni kaburi lenye maandishi ya mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Kalenda ya Miladia. Kaburi hilo lilikuwa muhimu kiasi kwamba alilitungia kitabu kizima, kilichotolewa mwaka wa 1960. Msomaji atapata picha ya uzito wa tarehe hiyo akikumbuka kwamba wakati huo kuba maarufu la kanisa kuu la Florence, linalotajwa kuwa mwanzo wa usanifu wa Mwamko Mpya wa Ulaya, lilikuwa bado halijaanza kujengwa. Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1420. Msikiti Mkuu wa Gedi nao ulijengwa katika karne hiyo hiyo ya 15.

Kirkman alihitimisha kwamba mji huo ulistawi zaidi katika karne ya 15 na kwamba ulikuwa umehamwa kabisa mapema katika karne ya 17. Sababu alizozitaja zilikuwa kadhaa: vita baina ya miji ya Pwani, uvamizi wa Wazimba mwaka wa 1589, shinikizo la Waoromo kutoka kaskazini, na maji ya visima yaliyozidi kushuka chini.

Hakuishia hapo. Alichimba pia Kilepwa, Mnarani huko Kilifi, Takwa katika kisiwa cha Manda, Ungwana karibu na mlango wa Mto Tana, na Ras Mkumbuu kisiwani Pemba. Taarifa zake kuhusu Takwa na Mnarani zilichapishwa katika Ars Orientalis, jarida la wasomi wa sanaa za Kiislamu na za Mashariki. Kwa njia hiyo misikiti ya Kilifi na Lamu ilipata nafasi mbele ya wasomaji waliozoea kusoma habari za Kairo, Isfahan na Samarkand.

Hukumu aliyoitoa

Ni katika kueleza mji huo ni wa nani ndipo Kirkman alipoteleza. Kitabu chake cha kwanza kuhusu Gedi, cha mwaka wa 1954, kiliuita mji wa Waarabu tangu jaladani. Miaka kumi baadaye alilirudia wazo hilo kwa uwazi zaidi. Katika kitabu alichokiandika kwa wasomaji wa kawaida mwaka wa 1964, alieleza kwamba majengo ya kale ya Afrika Mashariki hayakuwa ya Waafrika bali ya Waarabu na Waajemi waliofuata desturi za Kiarabu. Alikubali kwamba watu hao walichanganya damu na Waafrika, lakini akashikilia kwamba utamaduni wao ulikuwa mbali kabisa na wa watu waliowazunguka.

Mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida. Mnamo Januari, mapinduzi yalikuwa yameung'oa utawala wa Sultani huko Zanzibar. Mwezi Desemba, Kenya ikawa jamhuri. Taifa changa lilikuwa likitafuta mizizi yake, na hapa palikuwa na mtaalamu aliyeheshimika akisema kwamba majumba ya kale kuliko yote ya mawe katika ardhi ya nchi hiyo yalikuwa mali ya watu wengine.

Si haki kumtwika Kirkman peke yake lawama hiyo. Wazo hilo lilikuwa limeenea miongoni mwa wasomi wa zama zake. Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa na ambaye aliiongoza Taasisi ya Uingereza ya Historia na Akiolojia kuanzia 1961, pia aliwapa wageni kutoka ng'ambo ya bahari nafasi kubwa katika chimbuko la miji hiyo. Na kwa kweli ushahidi wa uhusiano na ng'ambo ulikuwa mwingi: msikiti, maandishi ya Kiarabu, kaure, shanga. Tatizo ni kwamba vitu vilivyotoka mbali viling'aa, huku vile vya nyumbani vikiwa havina mng'ao.

Vyungu vya kawaida vya udongo, vilivyofinyangwa na wenyeji, vilikuwa tele katika mashimo yale yale. Kirkman mwenyewe aliviainisha na kuvichapisha. Aidha, juu ya mojawapo ya milango ya Msikiti Mkuu wa Gedi pamechorwa katika jiwe mkuki wa bapa pana. Alama hiyo ya Kiafrika ilikuwa imekaa hapo kwa karne tano, pale pale mahali mwumini anapovulia viatu, ikingoja mtu wa kuipa maana.

Kutoka Gedi hadi Fort Jesus

Mwaka wa 1958, gereza lililokuwa ndani ya Fort Jesus lilifungwa baada ya miaka 63, na ngome hiyo ikatangazwa kuwa turathi ya taifa. Kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, ilianza kukarabatiwa na kugeuzwa makumbusho. Kirkman alihamia Mombasa kuisimamia kazi hiyo, na akabaki mlinzi wa jumba hilo hadi 1972.

Hapa alikutana na jengo la aina nyingine kabisa. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka wa 1593 na kukamilika mwaka wa 1596, kwa amri ya Mfalme Philip II wa Uhispania, ambaye wakati huo alitawala pia Ureno. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milan aliyekuwa akijenga ngome za Wareno katika Bahari ya Hindi. Mchoro wake ulifuata fikra za wasanifu wa Italia wa zama za Mwamko Mpya, walioamini kwamba jengo kamilifu lazima lifuate uwiano wa mwili wa binadamu. Ukiitazama kutoka juu, ngome hiyo ina buruji nne mithili ya mikono na miguu, na upande wa bahari umechomoza kama kichwa. Pembe za buruji hizo zilipimwa ili kila ukuta ulindwe na mizinga ya buruji jirani.

Kirkman aliichimba ngome hiyo ua baada ya ua. Alitenganisha kilichojengwa na Wareno na kilichoongezwa na Waomani walioiteka mnamo Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa muda wa miezi 33, kisha na kile kilichowekwa na Waingereza walioifanya gereza. Miongoni mwa hazina zilizohifadhiwa ni michoro ya ukutani iliyoachwa na askari wa Kireno, kwa rangi nyeusi na nyekundu, ikionyesha merikebu zenye matanga. Haikuchorwa na wasanii wa kifalme. Ilichorwa na watu waliokuwa mbali na kwao, pengine wakiiwazia meli ambayo ingewarudisha.

Kitabu chake kikubwa kuhusu Fort Jesus kilitoka mwaka wa 1974. Katika jambo hili hakuna aliyebishana naye kuhusu nani alijenga, kwa kuwa majina, barua na tarehe vimo katika hati za Wareno. Hapo ndipo tofauti ya mirathi hiyo miwili inapoonekana. Mahali penye maandishi, mjenzi anajulikana. Mahali pasipo na maandishi, mwenye kalamu wa leo ndiye anayemchagua mjenzi wa jana.

Ukumbi wa mabishano

Hukumu ya Kirkman haikupinduliwa kwa matusi wala kwa tangazo la serikali. Ilipinduliwa taratibu katika makongamano ya wasomi na katika majarida yao. Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimeandaa mikutano mitatu kuhusu historia na akiolojia ya Afrika, mnamo 1953, 1957 na 1961. Mikutano hiyo ilisaidia kuifanya historia ya Afrika kuwa somo linalostahili kufundishwa vyuoni, wakati ambapo wengi Ulaya walidai kwamba bara hili halikuwa na historia.

Mwaka wa 1967, wasomi walikutana Nairobi kujadili uhusiano wa Afrika Mashariki na nchi za Mashariki kabla ya ukoloni. Mada zao zilihaririwa na Chittick pamoja na Mmarekani Robert Rotberg, zikachapishwa kitabuni mwaka wa 1975. Mwelekeo wa mjadala bado ulikuwa wa kutazama baharini. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa hadharani, na swali likishaulizwa halirudi mfukoni.

Waliolidaka swali hilo walikuwa wengi. James de Vere Allen, aliyehusika na makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka wa 1974 akitaka utamaduni wa Waswahili utazamwe upya kama utamaduni uliokulia hapa. Mwaka wa 1977, kongamano lile lile la bara lililoanzishwa na Leakey lilirejea Nairobi, na safari hii kumbukumbu zake zilihaririwa na Richard Leakey akishirikiana na mwanahistoria Mkenya, Prof Bethwell Ogot. Mwafrika hakuwa tena kibarua wa kushika sepetu tu. Alikuwa ameketi kwenye meza ya wahariri.

Miaka ya 1980 ilileta ushahidi mzito. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, na kuonyesha kwamba chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti ya miti na udongo iliyotangulia, tangu karne ya nane. Mji haukushushwa kutoka jahazini ukiwa tayari. Ulikua pale pale, hatua kwa hatua. Mwaka wa 1985, Derek Nurse na Thomas Spear walitumia lugha kuthibitisha kwamba Kiswahili ni Kibantu kwa msingi wake, ndugu wa lugha za Wamijikenda na Wapokomo. Baadaye mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba, alieleza katika kitabu chake cha 1999 jinsi miji hiyo ilivyotegemea bara kwa chuma, chakula na pembe za ndovu.

Mwaka wa 2023, uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Pwani ulichapishwa katika jarida la Nature. Ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika kwa upande wa kina mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa kina baba, mchanganyiko ulioanza takriban mwaka wa 1000. Kwa hiyo simulizi za wazee kuhusu Washirazi hazikuwa za kubuni. Wala haikuwa kweli kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu.

Alichokiacha

Kirkman hakuishi kuyaona hayo yote. Alifariki mwaka wa 1989, miaka mitano baada ya Chittick na mwaka mmoja kabla ya Allen. Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2011. Gedi ilifuata mwaka wa 2024, na safari hii iliandikwa kama mji wa Waswahili.

Wapo watakaomkumbuka kwa kosa lake pekee. Hilo litakuwa kosa la pili. Mchimbaji anayetafuta kuthibitisha imani yake tu hutupa kisicholingana nayo. Kirkman hakukitupa. Vyungu vya wenyeji alivihesabu, mkuki wa mlangoni aliuacha mahali pake, kuta alizipima na kuzichapisha ili wengine wazisome. Waliompinga waliegemea vipimo vyake. Mtu anaweza kukosea katika hukumu na bado akawa shahidi mwaminifu.

Fundisho hilo linawahusu hata walio mbali na bahari. Katika vyuo vilivyo kando ya barabara ya Thika, wako vijana wanaosomea historia na usanifu wa majengo ambao wataitwa siku moja kueleza nani alijenga nini katika nchi hii. Jiwe la Ndarugo na tumbawe la Gedi hayasemi yenyewe. Husemewa na yule aliyefika ukumbini akiwa na ushahidi mkononi.